Kifaa Kilichoshonewa Ndani ya Kochi

Nyumbani kwa mdogo wako,
Nyuma ya karakana ya makochi,
Jumapili, baada ya kuosha vyombo vya mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti lako limepunguza malalamiko unapopanda ngazi. Bibi naye anaendeleaje na macho yake? Na mjomba, kikohozi kimemwachia? Mama anasema aache kunywa maji ya friji. Nimeahidi kufikisha maneno hayo kama yalivyo, ingawa yalipotoka kinywani mwake yalikuwa makali kidogo kuliko hivi.

Sisi huku hatujambo. Baba mzima, Mama mzima na bado anatusemesha sisi sote kama watoto wake wa chekechea, mimi mzima, na Kaka ni mzima kwa namna yake, ambayo ndiyo sababu ya barua hii kuwa ndefu. Mwalimu wetu wa lugha ametufundisha kwamba barua ya kirafiki haipaswi kuzidi kurasa mbili. Tafadhali, siku ukimwona usimwambie.

Kwenye ujumbe wako uliuliza kama ni kweli, kama ulivyosikia kwa watu, kwamba mdogo wako amemvisha mwanawe kochi mguuni. Shangazi, ni kweli. Lakini habari hiyo imekufikia ikiwa imekatwa kichwa na mkia, na mimi sipendi baba yangu achekwe kwa nusu ya habari. Nataka achekwe kwa habari nzima.

Unakumbuka ulipoondoka, Kaka alikuwa akianguka ovyo na sisi tukidhani ni uzembe. Baadaye hospitali wakatueleza kwamba ni ugonjwa wa misuli kudhoofika, ule ambao mtu huzaliwa nao na hauambukizi, hata kama jirani yetu mmoja bado anaifuta meza Kaka akishaondoka. Kwake umeanzia miguuni, mguu mmoja ukitangulia mwingine. Misuli inayoinua ncha ya mguu imechoka, kwa hiyo akitembea vidole vinaning'inia na kukwaruza chini, na ukingo wa zulia tu unatosha kumlaza.

Anayemwangalia ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya barabara. Sisi tunamwita Bi. Nyoosha, kwa kuwa neno hilo ndilo salamu yake na ndilo kwaheri yake. Alitueleza bila kuzungukazunguka kwamba mguu ukiachwa uning'inie, mshipa wa kisigino utafupika, kifundo kitakaza, na Kaka ataacha kutembea mapema kuliko inavyolazimu. Kwa hiyo anahitaji kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu, na anahitaji kukivaa kila siku, si kukitazama.

Cha kwanza kilitengenezwa katika karakana ya hospitali. Kilikuwa cha plastiki nyeupe, nene, kuanzia chini ya vidole mpaka karibu na goti, na mikanda mitatu ya kunata iliyopiga kelele kama kitambaa kinachochanwa. Kifundo kilishikiliwa vizuri sana. Kifaa kile kingeweza kushikilia hata mlango. Ila hakikuingia kwenye kiatu cha Kaka, ikabidi mguu huo uvae kiatu cha Baba, na mwingine ubaki na kiatu chake. Akisimama alionekana kama watu wawili waliokutana njiani.

Sasa hapa lazima nikueleze habari ya kengele, maana ndiyo mzizi wa yote.

Kaka ndiye mgonga kengele wa shule yetu. Usidhani ni kazi ndogo, Shangazi. Walimu watu wazima huacha sentensi katikati kwa sababu yake. Kipindi kinapokaribia kwisha, anasimama, anaomba ruhusa kwa macho tu, anatembea korido nzima peke yake, anashuka ngazi chache za mwisho, anavuta kamba. Mpira ulishamwacha. Kukimbia kulimwacha. Hata kubeba ndoo ya maji kulimwacha, ingawa hilo hakulilalamikia sana. Kengele ndiyo iliyobaki ikimsubiri yeye na si mtu mwingine.

Siku ya kwanza alipokwenda shule na kifaa kipya, tukagundua kwamba kinalia. Plastiki ilisuguana na kiatu, kwii, kwii, kwii, kila hatua. Madarasa yote ya korido yalimsikia akipita, na wanafunzi wakafunga vitabu na kusimama kabla hata hajaigusa kamba. Mwalimu wa hesabu akatoa kichwa mlangoni.

"Kijana, shule hii ina kengele ngapi?"

"Moja, mwalimu."

"Basi hiyo nyingine iambie isubiri zamu yake."

Kufikia saa ya kwenda nyumbani alikuwa ameshapewa jina. Wenzake walimwita Bawaba. "Bawaba, tia mafuta!" "Bawaba, funga taratibu, kuna upepo!" Kaka alicheka nao. Wewe unamjua, anacheka vizuri sana wakati hataki kucheka. Baada ya siku hiyo hatukusikia kwii tena, na sisi nyumbani tukadhani plastiki imelainika. Alivaa suruali ndefu, na nani angemfunua mtu suruali?

Kisha ikaja asubuhi ya kamba. Kaka alifika kwenye kengele, akashuka ngazi, ncha ya mguu ikanasa. Akaanguka huku ameishika kamba kwa mikono miwili, na kila alipojaribu kujiinua nayo, kengele ililia. Ikalia, ikalia, ikalia. Pale shuleni kengele isiyokoma maana yake ni moto. Shule nzima ikatoka mbio uwanjani. Mpishi alitoka na mwiko, mwalimu wa hesabu alitoka amebeba kiti chake, na mpaka leo hajaeleza kwa nini kiti. Mwalimu mkuu alituhesabu mara mbili, akaona anakosekana mmoja, akarudi ndani, akamkuta Kaka sakafuni bado ananing'inia kwenye kamba.

Kaka anaposimulia husema alikuwa anacheka. Mimi niliona kiwiko chake, Shangazi. Hakuwa anacheka.

Mwalimu mkuu ni mtu mpole. Alimwambia, "Mwanangu, sitaki kukunyang'anya kengele, ila sitaki pia kukuokota. Mwisho wa muhula nenda kwa yule mtaalamu wako. Akisema mguu umeshikiliwa vizuri, kamba ni yako. Akisema sivyo, nitampa mwingine." Huyo mwingine sote tulimjua. Ni kiranja wa darasa lake, ambaye tangu siku ile alianza kuvaa saa kubwa ya mkononi na kuitazama watu wakimwona. Akakabidhiwa kamba kwa muda.

Nyumbani Mama alituketisha wote sebuleni, Baba akiwemo.

"Haya, nani anajua kifaa chetu kiko wapi? Anayejua anyooshe kidole."

Hakuna aliyenyoosha. Kaka alikuwa akiitazama dari kama fundi aliyeitwa kuipaka rangi.

Jibu lilikuja lenyewe, limepakiwa kwenye mkokoteni. Mzee mmoja mstaafu, mteja wa Baba wa siku nyingi, alirudisha kochi lake la mtu mmoja ambalo Baba alikuwa amelijaza na kulivalisha upya.

"Fundi," alisema, "kochi lako lina mfupa."

Wewe unamjua mdogo wako. Mwambie kila kitu, usimwambie kwamba kazi yake ina kasoro. Alimjibu yule mzee kwamba labda mfupa anao mwenyewe mgongoni, kwa kuwa umri umekwenda. Mzee akamwambia, "Kaa." Baba akakaa, akaegemea kwa madaha, na palepale akainuka kama aliyekalia sindano. Alichukua wembe, akafumua mshono wa nyuma, akaingiza mkono kwenye sponji mpaka kwapani, na akavuta. Kikatoka kisigino, kisha kifundo, kisha mguu mzima mweupe.

Yule mzee akaruka nyuma. "Fundi! Umemshona nani humu?"

Kumbe Kaka alikuwa amekisukumia humo asubuhi moja, kochi likiwa bado wazi, akikusudia kukitoa jioni. Aliporudi shuleni alimkuta Baba ameshashona, ameshapiga pasi, na mzee ameshachukua kochi lake. Angesemaje? Akanyamaza, na mzee wa watu akaegemea mguu ule kwa muda wote huo.

Nilidhani Baba atagomba. Aliuliza tu, "Kwa nini?"

Kaka akasema, "Baba, afadhali nianguke kama mimi kuliko nitembee kama mlango."

Baba akauweka wembe chini. Yule mzee ndiye aliyezungumza kwanza, akijisugua kiuno. "Mtoto kasema kweli. Hata mimi kimeniumiza."

Hapo ndipo Baba alipojipiga kifua na kusema kwamba yeye amevalisha viti vya kila aina kwa maisha yake yote, hawezi kushindwa na mguu mmoja. Akajifungia karakanani, hataki kuonwa. Tulisikia tu mkasi na nyundo ndogo. Alipofungua mlango, alikuwa na kile kifaa cheupe, ila weupe haukuonekana tena. Alikuwa amekiwekea sponji laini pande zote, akakivalisha ngozi bandia ya kahawia, akazungushia kamba ya pambo kwenye kingo, na katikati, juu kidogo ya kisigino, akatia kifungo kilichobonyea. Nilimuuliza kifungo ni cha nini. Alinitazama kama niliyeuliza jua ni la nini. Kwake kitu kisicho na kifungo hakijaisha.

Kilikuwa kizuri, Shangazi. Ningekiona dukani ningekikalia. Lakini mguu wa Kaka ndani yake ulikuwa na unene wa mto wa kulalia. Suruali zote zilikataa. Kaka alisimama mlangoni na kaptura, mguu umenyooshwa mbele, na mteja mmoja aliyepita akauliza kama tunauza seti nzima au mguu mmoja mmoja. Jirani akapiga picha. Hiyo picha ndiyo iliyofika huko kwenu, na sasa unajua ilianzia wapi.

Baba hakuona aibu. Alikichukua kwa mikono miwili, akakipeleka karakana ya hospitali, sisi nyuma yake. Fundi wa pale ni kijana mwembamba mwenye miwani iliyoungwa kwa plastiki ileile anayoundia miguu. Alikibonyeza kwa kidole gumba.

"Springi umeweka?"

"Hapana," alisema Baba.

"Afadhali."

Wakaanza kubishana. Fundi alikuwa ameshasikia kwamba kazi yake ya kwanza tuliiita ndoo, na ilimuuma. "Ndoo ile inashikilia mguu!" "Na hiki kinakalika!" "Nani kakwambia mguu unataka kukaliwa?" Kaka alikaa katikati yao, anageuza kichwa huku na huku kama anayetazama mpira wa meza. Nilishindwa kuvumilia. Nikanyoosha kidole, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa, na nikauliza kama kuna aliyewahi kuwauliza wanaovaa.

Wote wawili wakanigeukia. Fundi akasema kwamba benchi la kusubiria limejaa wanaovaa, niende.

Nikaenda. Nilikuwa na maswali niliyoyapanga vizuri, lakini walinijibu nisiyoyauliza, na yakawa bora. Mvulana mmoja mwenye ugonjwa kama wa Kaka aliniambia kwamba shuleni amewaambia wenzake amevunjika mguu. Sasa ni mwaka wa pili, na wenzake wameanza kuuliza ni mfupa gani huo. Msichana mmoja huvaa sketi ndefu hata kwenye joto kali, kwa sababu watu wakiuona mguu wanausalimia mguu kwanza, yeye baadaye. Alisema pia kwamba kifaa chake kinakula soksi, na akanionyesha soksi iliyoliwa.

Nilipomhoji Kaka, alisema anajisikia kama yuko polisi. Nikaweka kalamu chini. Ndipo akasema, "Nataka viatu viwili vya namba moja, vyote vyangu. Nataka suruali ishuke bila kugongana na kitu. Na nikiingia mahali, nataka niingie mimi kwanza."

Haya, Shangazi, ndiyo tuliyoyafanyia kazi muhula mzima, na naomba uniwie radhi nikieleza kama niko darasani, maana hapa ndipo nilipofurahi zaidi.

Fundi alitueleza kwamba plastiki nene inashikilia, ndiyo, lakini ni nzito, na uzito huo unabebwa na misuli ileile iliyochoka. Kwa hiyo tulitaka plastiki nyembamba. Alimfunga Kaka bandeji za plasta mguuni mpaka zikakauka, akazikata taratibu, akazijaza uji wa plasta, na tukapata mguu wa pili wa Kaka, mweupe, usiobishana. Juu yake alilaza plastiki iliyotoka kwenye oveni ikiwa laini kama chapati. Mimi nilikuwa nimechora kingo zikatwe pande zote mbili za kifundo, ubaki ulimi mmoja tu nyuma ya kisigino, unaopinda mguu unapokanyaga na kurudi mguu unapoinuka, kama ufito. Mikanda mitatu tukaifanya mmoja, na mwisho wake ukaelekea ndani ili usishike suruali. Kifaa kikae katikati ya soksi mbili, nyepesi ndani, ya shule nje. Kwenye kiatu tukatoa ile soli ya ndani, na nafasi ikapatikana bila kuazima kiatu cha mtu.

Cha kwanza kati ya hivi vipya kilikatika. Kaka alikanyaga ngazi ya hospitali, kikasema tak, na akaketi bila kupanga. Baba akamlaumu fundi kwa plastiki, fundi akamlaumu Baba kwa kusifu mapema. Kaka, bado ameketi kwenye ngazi, akawaambia, "Msigombane. Mguu ni wangu na bado upo."

Cha pili fundi alikiwekea mstari ulioinuka katikati ya ulimi, kama mgongo, na hicho kikastahimili. Lakini kililia. Si kwa sauti ya kile kinene cha mwanzo, ila kililia, kama panya aliye mbali. Kaka akakivua, akakiweka mezani, na uso wake ukafunga. Niliogopa sana hapo, Shangazi. Nilijua kwamba hatakificha tena ndani ya kochi. Ataacha tu, na sote tutamwelewa, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Baba akavuta kiti karibu na meza. Akainama, akakisugua kifaa kwenye kiatu karibu na sikio lake, akasema, "Hii ni springi."

"Haina springi," alisema fundi.

"Sauti yake ni ya springi. Kochi likilia, hatubadilishi kochi. Tunatafuta panaposuguana, tunaweka kitu katikati."

Akaenda nyumbani, akarudi na kipande cha ngozi halisi, akakiparua kwa kisu mpaka kikawa chembamba kama ganda la kitunguu, akakibandika chini ya kisigino na pembeni panapogusana na kiatu. Hakuweka sponji. Hakuweka pambo. Niliona vidole vyake vikienda mfukoni vilipo vifungo, na nikaona akivirudisha. Kaka akavaa, akatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye oveni. Kimya. Fundi akamwambia arudie, akalala kifudifudi sakafuni na kutega sikio. Kimya. Fundi akainuka, akajipangusa, akavua kiatu chake mwenyewe cha kushoto na kumpa Baba. "Hiki nacho kinalia. Tangu mwaka jana."

Siku hiyo, wakimpima, fundi alimweleza Kaka ukweli ambao sisi tulikuwa tukiuzungukia: kwamba kifaa hakiponyi, kwamba huenda siku moja akahitaji kiti cha magurudumu. Mama alianza kukunja soksi ambazo zilishakunjwa. Kaka akafikiri kidogo, akasema, "Basi ikifika siku hiyo, familia ya kiti nishaipata." Baba alicheka mpaka akalazimika kutoka nje, na alikaa huko nje muda mrefu kidogo kuliko kicheko kinavyohitaji.

Wale wa kwenye benchi nao wameshapimwa, na Baba anawaparulia ngozi. Yule mvulana anatafuta namna ya kuwatangazia wenzake kwamba hatimaye mfupa umepona.

Ikafika siku ya Bi. Nyoosha. Kiranja alikuwa ameshaizoea kamba, na Kaka usiku wake hakula vizuri. Bi. Nyoosha alikuwa likizo kwa muda mrefu, kwa hiyo hakujua habari ya kifaa kipya, na fundi alituomba tusimwambie. Fundi alitangulia kusimama mlangoni kwa Bi. Nyoosha, akijifanya anatafuta koleo. Tuliingia wote, Baba na shati la kwendea harusini.

Kaka aliingia wa mwisho, anatembea. Viatu viwili vya namba moja, vinang'aa. Suruali imeshuka imenyooka. Bi. Nyoosha alimtazama kuanzia chini kwenda juu, kisha kuanzia juu kwenda chini, na akafunga faili lake.

"Simama hapohapo. Kifaa kiko wapi?"

Kaka akafungua mdomo.

"Sijamaliza! Kijana mzuri, suruali imepigwa pasi, viatu kioo, mguu mtupu! Mimi hapa kila siku nasema, nasema na nani, na ukuta? Ukuta ungeshanisikia! Mshipa unafupika wewe unapiga pasi! Na ninyi wazazi, mmekuja wote kama mnakwenda kupiga picha..."

Mama akanyoosha kidole.

"Shusha, mama, zamu yako inakuja! Nimeambiwa ulianguka shuleni, shule nzima ikakimbia. Nimeambiwa kuna habari ya kengele. Kengele gani? Kwa mguu upi? Hiyo kengele isahau!"

Nikamshika Mama mkono, Shangazi. Nilijua mguu umevaa kifaa, nilikichora mwenyewe, na bado nilisikia kama amekwisha kuamua. Fundi pale mlangoni alikuwa ameuma koleo. Lakini Kaka alisimama wima, mikono nyuma, anasikiliza kwa adabu kama mtu anayesomewa taarifa ya habari. Alimwacha aseme yote. Alisema kuhusu vijana wa siku hizi, akasema kuhusu miguu ya siku hizi, akaishiwa pumzi, akashika meza.

"Nimekusikia, mama," Kaka akasema. "Shikamoo."

Akainama, akapandisha suruali, akateremsha soksi ya nje.

Bi. Nyoosha hakusema kitu. Sijawahi kuliona jambo hilo. Aliinama, akagonga kwa kifundo cha kidole, ko ko, kama mtu anayebisha hodi. Akapitisha kidole kwenye ngozi ya Baba. Akautazama mguu mwingine, kana kwamba nao huenda una siri.

"Tembea."

Kaka akatembea mpaka ukutani na kurudi. Vidole viliinuka kila hatua.

"Tena."

Akatembea tena. Kisha akalazwa kitandani, kifaa kikavuliwa, na Bi. Nyoosha akaleta kile kipimo chake kama rula mbili zilizoshikana, akakiweka kwenye kifundo, akasukuma mguu taratibu. Bi. Nyoosha akafungua faili, akatazama vipimo vya mara iliyopita, akapima upya.

"Hakijakaza," alisema. Safari hii kwa sauti ya kawaida, ambayo sikujua kwamba anayo. "Kipo palepale kilipokuwa."

Hakusema atapona, Shangazi, na mimi siandiki hivyo. Alisema kipo palepale. Mama alilia kwa neno hilo moja kama aliyeletewa zawadi.

Bi. Nyoosha akakaa kwenye kitanda chake mwenyewe cha mazoezi. "Mwambieni mwalimu mkuu nimesema kengele apige. Kwenye ngazi ashike ukuta." Halafu akamgeukia Kaka, aliyekuwa akivaa soksi. "Na maneno yangu yote yale, niliyosema mpaka kifua kinaniuma?"

Kaka akafunga mkanda, akashusha suruali, akasimama.

"Mpe anayefuata, mama. Bado ni mapya kabisa, sisi hatukuyatumia."

Basi Shangazi, hiyo ndiyo habari nzima. Msomee Bibi taratibu, na ukifika pale kwenye wembe na kochi mwambie mapema kwamba hakuna aliyeshonwa. Msalimie mjomba na kikohozi chake, wasalimie mapacha, na mwambie yule mkubwa wao kwamba nimeipokea picha yake na kwamba amerefuka bila ruhusa yangu. Baba anakusalimu kama dada yake mkubwa na anaomba usiionyeshe ile picha kanisani wala sokoni. Mama anakusalimu. Kaka anakusalimu, anasema atakuandikia mwenyewe, lakini usisubiri umesimama.

Mungu akulinde huko uliko, ailinde na nyumba inayokuhifadhi, na atujalie kuonana sote tukiwa na nguvu za kucheka.

Nami ni mwanao akupendaye kwa moyo wote,

Kamusi, kama mlivyoniita ninyi wenyewe.